Machozi yako hayalishi uvimbe

"Sista, mimi ni mama wa miaka 43, nauza mivumba, nguo za mitumba, hapa Busia upande wetu wa Uganda. Mwezi wa tatu niligunduliwa saratani ya titi la kushoto. Nimeshapata kemo 3 za ile dawa nyekundu. Ya 4 imeahirishwa mara 2. Naamka saa tisa usiku, napanda basi mpaka Kampala, natolewa damu, halafu naambiwa chembe nyeupe ziko chini, rudi wiki ijayo. Juzi nimepigwa ultrasaundi, uvimbe uko vilevile. Wenzangu wa kanisani wanasema nisiruhusu mawazo mabaya kwa sababu ndiyo yanayoipa saratani nguvu. Lakini usiku nalia, na nikimaliza kulia naogopa kwamba nimejiongezea ugonjwa. Mume wangu siku hizi haongei. Jirani ameniletea chupa ya mizizi ya kuongeza damu. Binti yangu anafanya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwezi wa 11. Nifanyeje nisikate tamaa? Na je, naruhusiwa kwenda sokoni?"

Dada yangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale unaposema ukimaliza kulia unaogopa. Nianzie hapo. Damu, ultrasaundi na ile chupa ya jirani vitafuata.

Machozi hayalishi uvimbe. Hofu hailishi. Hata usiku ule unaolala ukijiona umeshakufa, uvimbe hauna habari na wewe. Najua wanaokuambia hivyo wanakupenda, na mimi mwenyewe nimeyasikia maneno hayo kwenye mabenchi ya kliniki tangu nianze kazi. Lakini jambo hili limepimwa. Mwaka 2007 James Coyne na wenzake huko Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa 1,093 wa saratani za kichwa na shingo, watu walioulizwa hali ya mioyo yao walipoanza matibabu kisha wakafuatiliwa. Wenye moyo mzito na wenye moyo mwepesi hawakupishana katika kuishi.

Kuna habari nyingine ninayoipenda zaidi. Daktari David Spiegel, Mmarekani pia, aliripoti mwaka 1989 kwamba wanawake wenye saratani ya titi iliyosambaa waliokuwa wakikutana kwenye kikundi cha kuzungumza waliishi muda mrefu kuliko wenzao. Watu wakashangilia. Nadhani sehemu kubwa ya maneno unayoambiwa kanisani yalianzia kwenye shangwe zile. Kisha yeye mwenyewe akarudia utafiti na wanawake wengine, na mwaka 2007 akatangaza kwamba safari hii kikundi hakikurefusha maisha yao kwa jumla. Kukubali hivyo hadharani kunataka uungwana. Kilichobaki imara ni kwamba vikundi vya namna hiyo hupunguza dhiki ya moyo na kufanya maumivu yavumilike zaidi. Kwangu hilo linatosha kabisa kuwa sababu ya kwenda kwenye kikundi. Ila usiende ukidhani kwamba siku ukikosa, au siku ukilia mbele ya watu, umejipunguzia miezi.

Na kama wenzako wa kanisani wanahitaji kusikia kwa lugha yao, wakumbushe kwamba Yesu alimlilia Lazaro na hakuna aliyemwambia anakosa imani.

Nina sababu ya kulisemea hili kwa ukali kidogo. Miaka yangu ya kwanza kwenye kazi hii nilikuwa hodari wa kuwaambia wagonjwa "jipe moyo, tabasamu, wewe ni shujaa." Kulikuwa na mama mmoja aliyenipenda sana kwa hilo. Kila nikipita kitandani ananiambia, "Sista, mimi shujaa wako." Baada ya kemo yake ya pili alipata homa nyumbani akaificha siku 2. Hakutaka kuniangusha. Aliletwa hajui yuko wapi, mdomo umekauka, presha imeshuka, akalala wadini siku 11. Alipopata nafuu akaniomba msamaha. Yeye ndiye aliyeniomba mimi! Tangu siku ile sijamwambia mgonjwa awe shujaa. Namwambia aniambie ukweli. Matumaini yanayokukataza kulia yatakukataza pia kusema una homa, na homa kwa mtu aliye kwenye kemo inaua.

Sasa tuje kwenye damu yako, maana nadhani humo ndimo moyo ulimovunjika. Unaposikia "damu iko chini, rudi wiki ijayo," masikio yako yanasikia "ugonjwa umekushinda." Maneno hayo mawili hayana undugu.

Kemo haijui saratani kwa sura. Inawinda seli zinazojigawa haraka. Seli za uvimbe hujigawa haraka, lakini hata mizizi ya nywele, ngozi laini ya mdomo na utumbo, na uboho ndani ya mifupa hujigawa haraka. Ndiyo maana nywele zinakatika, mdomo unatoka vidonda, na damu inashuka. Uboho ndiko damu inakotengenezwa. Fikiria kibanda chako. Robota likifunguliwa asubuhi, nguo nzuri zinaisha kabla ya saa sita, na bila robota jipya kesho yake huna cha kuuza. Makoti mazito, hayo yanaweza kuning'inia miezi. Damu nayo iko hivyo. Chembe nyekundu huishi kama siku 120, kwa hiyo stoo ikifungwa wiki 1 huoni pengo mara moja. Lakini zile chembe nyeupe zinazopigana na bakteria, zinazoitwa nyutrofili, hukaa kwenye damu kwa saa chache tu, basi siku 1 hivi. Mwili unalazimika kutengeneza mabilioni kila siku. Kemo inapofunga stoo kwa muda, nyutrofili ndizo zinazoisha kwanza.

Kwa dawa unayopata, hushuka chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha uboho unaamka na kuanza kujaza tena. Ratiba ya siku 21 imepangwa kwa kufuata mwendo huo. Wengine uboho wao unaamka siku ya 18, wengine wanahitaji siku 28. Hilo halitokani na utulivu wa moyo wala ubora wa sala. Chukua ile karatasi ya CBC, kipimo cha kuhesabu chembe za damu, uliyopewa mara ya mwisho, tafuta mstari ulioandikwa NEUT wenye namba na si asilimia. Vituo vingi vinataka ifike 1.5 ndipo wakupe dawa, vingine vinakubali 1.0. Kama yako ilikuwa 1.2, hukuwa mbali. Kama ilikuwa 0.4, daktari aliyekurudisha nyumbani alikuokoa.

Je, kuchelewa kunadhuru? Nikikuambia hakuna neno nitakuwa nakubembeleza. Waitaliano wa Milano wakiongozwa na Bonadonna walionyesha mwaka 1995, baada ya kuwafuatilia wanawake wa saratani ya titi kwa miaka 20, kwamba waliopata angalau asilimia 85 ya dawa iliyopangwa walifanya vizuri kuliko waliopata pungufu. Kwa hiyo madaktari hawapendi kuahirisha, na ikijirudia wana la kufanya. Ipo sindano ya filgrastimu inayoamsha uboho. Ina gharama, na mifupa huuma siku unazoipata, kiuno hasa. Ipo njia ya kupunguza dozi kidogo. Ipo njia ya kuhamia dawa nyingine mapema. Umeahirishwa mara 2, una haki ya kuuliza: "Mkiniahirisha mara ya 3 mpango wetu ni upi?" Uliza kwa sauti hiyohiyo unayotumia kupatana bei. Daktari hatakasirika, na akikasirika uliza tena.

Lakini wiki 1 au 2 za kusubiri kwa agizo la daktari hazijanitisha kamwe. Kinachonitisha ni wiki 6 ambazo mgonjwa anajiongezea mwenyewe, nauli imeisha, au amechoka kuamka saa tisa usiku kwenda kuambiwa arudi. Hao ndio tunaowapoteza. Kutoka Busia mpaka Kampala ni karibu kilomita 200, na kurudi mikono mitupu mara 2 kunatosha kumvunja mtu yeyote. Waulize kama watakubali CBC iliyopimwa karibu na nyumbani, Busia, Tororo au Mbale, siku 1 kabla ya safari, umtumie nesi wa kliniki picha ya majibu kwa simu. Baadhi ya kliniki zinakubali. Namba ikiwa chini unalala kwako, na nauli inabaki mfukoni mpaka wiki ifuatayo.

Uvimbe ulio "vilevile." Hili nalo lina sura zaidi ya moja. Kwanza, haujakua, na baada ya kemo 3 hilo ni jibu lenye maana, hata kama silo tulilolitaka. Pili, ultrasaundi hupima ukubwa, haipimi uhai. Seli zikifa ndani ya uvimbe huacha kovu, na kovu linachukua nafasi yake vilevile. Nimeona mabonge ambayo mkono unayashika wazi, lakini yalipotolewa na kupelekwa maabara, seli hai zilikuwa chache mno. Nimeona pia kinyume chake, sitakuficha. Inawezekana kabisa kwamba dawa nyekundu haifanyi kazi ya kutosha kwako. Ikiwa hivyo, dawa hii si ya mwisho kabatini. Katika mipango mingi baada ya dawa nyekundu hufuata paklitakseli, inayoishambulia seli kwa njia nyingine, na uvimbe uliokataa ya kwanza wakati mwingine husalimu kwa ya pili. Upasuaji pia unaweza kusogezwa mbele.

Njia ipi inakufaa inategemea karatasi ambayo wagonjwa wengi hawajui kwamba wanayo: majibu ya kile kipande cha nyama kilichokatwa kwenye titi mwanzoni. Humo kuna herufi ER, PR na HER2. Mojawapo ya mbili za kwanza ikisoma chanya, uvimbe wako unakula homoni na unaweza kufungiwa chakula kwa vidonge kama tamoksifeni kwa miaka kadhaa baada ya kemo. HER2 ikiwa chanya kuna dawa yake maalum. Zikisoma hasi zote, kemo na upasuaji ndiyo silaha kubwa, na mazungumzo na daktari yanapaswa kuwa ya wazi zaidi. Kama kipimo hicho hakikufanywa, hilo liwe swali lako la kwanza Kampala.

Ile chupa ya mizizi uiweke pembeni. Sidharau dawa za wazee, bibi yangu alinilea nazo. Lakini dawa nyekundu, doksorubisini, inasafishwa na ini, na kabla ya kukupa daktari anaangalia pia vipimo vya ini. Mizizi iliyochemshwa ikililemea ini, vipimo hivyo vinapanda, na hapo utaahirishwa mara ya 3 au dozi ikatwe kwa sababu ya chupa iliyoletwa ikuongezee damu. Na kama imechanganywa na maji yasiyochemka, bakteria utakaowanywa watakuta nyutrofili hakuna. Mwambie jirani asante, halafu mwombe akuletee mayai.

Hakuna chakula kinachopandisha nyutrofili, hata kama umeambiwa juisi ya bitiruti ni damu tupu. Bitiruti ni chakula kizuri, kunywa ukipenda, ila kwa wengine hugeuza mkojo rangi nyekundu, na dawa nyekundu nayo hugeuza mkojo hivyo siku 1 au 2 za mwanzo. Nimeshapigiwa simu usiku wa manane na mtu aliyepata vyote viwili siku moja! Uboho unahitaji protini ya kujengea: maharage, mukene (dagaa wetu), mayai yaliyoiva kabisa, mchuzi wa karanga juu ya matoke. Maziwa yachemke. Tunda lioshwe na kumenywa. Siku unaposikia kichefuchefu kula kidogokidogo, vuguvugu au baridi, maana harufu ya chakula cha moto ndiyo inayochokoza. Na waambie hospitali kama vidonge vya kuzuia kutapika havikutoshi. Vipo vingine.

Umeuliza ufanyeje usikate tamaa, na mpaka hapa nimezungumza namba na mizizi. Nimefanya hivyo makusudi. Katika miaka yangu yote sijaona mtu aliyepata matumaini kwa kuamriwa awe nayo. Nimeona watu wakiyapata walipojua hatua inayofuata ni ipi. Kulikuwa na mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Kansas, Charles Snyder, aliyeyachambua matumaini akasema yana vitu vitatu: kitu unachokitaka, njia ya kukifikia, na nguvu ya kuianza njia hiyo. Njia moja ikizibika, mwenye matumaini ni yule anayeona kichochoro kingine. Mtu anaweza kuona kichochoro huku analia.

Sisi Waganda tulifundishwa somo hilo kwa pamoja. Mwaka 2016 mashine ya pekee ya mionzi nchini iliharibika, tangu 1995 ilikuwa ikifanya kazi, na nyingine haikuanza kutumika rasmi mpaka Januari 2018. Waliokuwa katikati ya matibabu walilia, tena kwa haki. Kisha kila mmoja akalazimika kuuliza: Nairobi inawezekana? Upasuaji unaweza kutangulia? Kemo kwanza? Wengine hawakupata njia, na si kwa sababu walikosa moyo. Na nchi hiihii, mwaka 1967, ilifungua taasisi ya saratani pale Mulago, ambako watoto wenye uvimbe wa taya, ule alioueleza daktari Denis Burkitt akiwa Kampala miaka ya mwisho ya 1950, walitibiwa kwa kemo. Uvimbe ule ni miongoni mwa saratani za mwanzo kabisa kuonekana zikipona kwa dawa pekee. Unapokaa kwenye kile kiti cha dripu, kumbuka kwamba elimu ya dawa hizi haikuletwa yote kwa ndege. Kipande chake kilifanyiwa kazi hapa, kwa watoto wetu.

Kwa hiyo matumaini yako uyape kitu cha kushika. "Kupona" ni neno kubwa mno kulibeba kila asubuhi. Lishike siku za Jumapili. Siku nyingine shika PLE ya binti yako. Novemba haiko mbali. Chukua kalenda ya ukutani, hesabu siku 21 kutoka kemo yako ya 4, tena 21, uone siku zake za mtihani zinaangukia wapi. Kama zinaangukia siku ya 3 au ya 4 baada ya dawa, ambapo utakuwa hoi, mwambie daktari mapema. Wiki 1 huku au kule kwa sababu hiyo mara nyingi inazungumzika. Na ikifika asubuhi hiyo ukamfungia mkoba wake huku umekaa kitandani, umemfungia.

Kuna huzuni na kuna ugonjwa wa huzuni, na nataka uvitofautishe. Kulia usiku baada ya kurudishwa kutoka Kampala ni huzuni. Lakini kama zimepita wiki 2 mfululizo huna hamu ya kitu chochote, hata cha binti yako, hulali, huli ingawa kichefuchefu kimeisha, unajiona mzigo, hiyo ni maradhi na ina tiba. Majirani zetu wa Masaka na Rakai wana neno, okwekyawa, mtu kujichukia mwenyewe. Watafiti waliokwenda huko mwanzoni mwa miaka ya 2000 walianzia na maneno hayo ya wenyeji, wakaunda vikundi vya watu wa kijiji kimoja vilivyokutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na watu wa hapohapo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003 na yalikuwa mazuri kuliko wengi walivyotarajia. Kwa kuzungumza tu, bila vidonge. Vidonge navyo vipo, kwa anayevihitaji. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili. Mbale ndiyo iliyo karibu nawe. Na kama umewahi kuwaza afadhali ufe, hata mara moja, usingoje miadi. Mwambie mtu leo, kisha nenda akiwa nawe.

Usishtuke pia wakikutajia hospisi au timu ya kupunguza maumivu. Watu wetu wakisikia neno hilo wanaanza kutafuta mbao za jeneza. Mwaka 2010 Jennifer Temel wa Boston alichapisha utafiti wa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Waliopewa huduma hiyo mapema, pamoja na matibabu yao ya kawaida, waliishi vizuri zaidi, tena kwa wastani wakaishi muda mrefu kidogo kuliko wenzao. Hospice Africa Uganda wako nchini tangu 1993, na tangu 2004 sheria yetu inawaruhusu hata wauguzi waliosomea kazi hiyo kuandika mofini ya maji. Mofini ikipimwa vizuri kwa mtu mwenye maumivu haimgeuzi mlevi. Inamrudishia usingizi.

Mume wako. Mwanamume aliyenyamaza simhukumu kabla sijamsikia. Wengine wananyamaza kwa sababu wameshaanza kuondoka, nimewaona, sitakudanganya. Wengi wananyamaza kwa sababu wamezoea kutengeneza vitu na hiki hawajui wakishike wapi. Mpe cha kushika. Mpe kipimajoto na lile daftari lako la hospitali. Jioni akupime joto, aandike tarehe, saa na namba. Baada ya wiki 1 utajua ni mnyamavu wa aina gani.

Kipimajoto chenyewe hakina mjadala, kinunue kabla ya safari ijayo. Joto likifika 38, iwe mchana au usiku, hiyo ni dharura. Ukitetemeka kwa baridi bila hata homa, dharura. Usinywe Panadol kwanza uone kama itashuka, maana itashusha namba na kuacha bakteria wakiendelea. Hapa kwetu homa yoyote inaitwa malaria, na kwenye zahanati ya kwanza watataka kukutoboa kidole na kukurudisha nyumbani na vidonge. Malaria ipimwe, sawa, lakini wewe unahitaji pia antibayotiki ya mshipani ndani ya muda mfupi, saa moja ikiwezekana. Kwa hiyo kwenye jalada la daftari, kwa kalamu nene, andika: NIKO KWENYE KEMO. JOTO 38 NI DHARURA. Andika na tarehe ya kemo ya mwisho. Wahudumu wakiwa na haraka hawatasoma kurasa za ndani, jalada wataliona. Nenda pia bila kusubiri ukitokwa na damu isiyokoma, ukiharisha usiweze kunywa, ukibanwa na pumzi, au vidonda vya mdomo vikikuzuia hata maji.

Na soko. Ndiyo, nenda, ila uchague siku. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa baki nyumbani, mwachie mtu kibanda. Wiki ya 3, kama una nguvu, kauze. Kaa upande unaopitisha upepo, na kazi ya kufungua robota na kukung'uta vumbi mwachie kijana. Beba sabuni na kidumu chako cha maji, maana noti zinapita mikono mingi. Mteja anayekohoa muuzie haraka.